Orodha ya Kliniki ya Jumatano

Siku msichana alipopata kazi, bibi yake aliuliza kwa mara ya tatu kazi yenyewe ni ya kufanya nini hasa. Akaambiwa mjukuu wake amesomea kulinda faragha za watu. Bibi akaweka kisu chini, viazi vikabaki nusu vimemenywa.

"Faragha ni ya mume na mke," akasema. "Hiyo nayo umekwenda kuisomea miaka miwili?"

Mama mtu, aliyekuwa dirishani anashona mashati ya shule, alicheka mpaka uzi wa cherehani ukakatika. Msichana naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba hiyo kucheka juu ya jambo hilo kwa miezi kumi na moja.

Wakati huo alikuwa hajaanza kuitwa Bi Faragha. Jina hilo alipewa kazini na dereva wa gari la wagonjwa, likamganda, na sisi tutamwita hivyo hivyo.

Alikuwa katika kundi la kwanza kuhitimu kozi ya ulinzi wa taarifa binafsi. Sheria ilikuwa imetungwa juzi juzi: kila ofisi inayoshika majina ya watu, simu zao na magonjwa yao lazima iwe na mtu wa kuzilinda taarifa hizo. Mkuu wa chuo aliwaambia wanafunzi wake thelathini na mmoja kuwa wakimaliza watagombewa kama mpira wa kona. Wakamaliza. Hakuna aliyegombewa. Matangazo ya kazi yalikuwepo, tena mengi, lakini kila moja lilitaka uzoefu wa miaka mitano.

"Sheria yenyewe ina miaka mitatu," alimwambia mama yake. "Hiyo mitano niipate wapi? Tumboni mwako?"

"Tumboni mwangu ulikaa miezi tisa tu," mama akajibu. "Na hukufanya kazi yoyote."

Alifanya usaili mara saba. Mahali pengine wasaili walimwomba awaeleze kazi yenyewe ni ipi, akawaeleza kwa dakika arobaini, wakaandika kila kitu, wakamshukuru sana, wasimpigie. Benki moja ilimwambia nafasi amepewa mtu wa kompyuta, ataifanya akipata muda. Kufikia mwezi wa kumi alikuwa ameanza kutia vifungo kwenye mashati ya mama yake, na wateja walipouliza, mama alisema binti yuko mapumzikoni.

Mjomba wake ndiye aliyeukata huo mkosi. Mjomba alikuwa fundi wa jenereta na viyoyozi, na mteja wake mkubwa alikuwa daktari mmoja mwenye hospitali ndogo ya ghorofa mbili. Siku moja yuko juu ya ngazi anafungua kiyoyozi cha ofisini, akamsikia Daktari akilalamika kwenye simu kwamba wakaguzi wamempa mwezi mmoja kutafuta afisa wa taarifa, la sivyo atajuta. Mjomba akashuka ngazi kabla simu haijakatwa.

"Daktari," akasema, "huyo mtu unayemtafuta ninaye nyumbani, anatia vifungo."

Hivyo ndivyo alivyoajiriwa, kwa mkataba wa majaribio wa miezi sita. Daktari, mwanamume mpole mwenye sauti ya kubembeleza watoto wasilie sindano, aliuchukua mkono wake kwa mikono yote miwili, akamwita binti yangu, akaomba cheti halisi akitoe nakala. Kesho yake nakala ilikuwa ukutani mapokezini, ndani ya fremu. Wakaguzi walipokuja walisimama mbele ya fremu ile, wakaandika, wakanywa soda, wakaondoka. Hakuna aliyemuuliza chochote mwenye cheti, ambaye alikuwa hatua kumi kutoka hapo anapokea simu.

Meza yake waliiweka masijala, chumba kirefu kisicho na dirisha, rafu za faili zikienda mpaka kwenye dari. Mwenyeji wa chumba hicho alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa hapo tangu hospitali haijajengwa ghorofa ya pili. Wote walimwita Mama Faili. Ukimtajia jina la mgonjwa alikuwa anafumba macho kidogo, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye rafu.

"Shikamoo, mama," Bi Faragha alimsalimu siku ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuja kutufungia midomo?"

"Nimekuja kuzilinda hizi," akajibu, akionyesha rafu.

"Zilinde na vumbi basi kwanza. Nguo ya kufutia iko pale."

Walielewana upesi. Mama Faili alimfundisha kuwa faili ya kijani ni ya watoto na ya njano ni ya wajawazito, kwamba mhasibu haongeleki kabla ya saa nne, na kwamba chumba kile kina baridi ya kuingia mifupani, akamwachia sweta lake moja liwe la kwake. Akamwonyesha pia kompyuta. Neno la siri lilikuwa limeandikwa kwenye kikaratasi chini ya kibodi, na kila mtu aliyetaka kutafuta mgonjwa alilitumia hilo hilo, manesi, mhasibu, hata dereva. Bi Faragha alipokiona kikaratasi alitaka kukichana, kama alivyofundishwa. Lakini kesho yake alitakiwa aingize faili mia mbili kwenye kompyuta, naye hajapewa neno la siri lake, akainua kibodi, akasoma, akaingia.

Hakukaa tu. Aliandika barua akitaka kila mtumishi awe na neno la siri lake. Aliandika nyingine akiomba saa mbili tu za kuwafundisha wafanyakazi. Ya tatu ilihusu daftari la mapokezi, lililoachwa wazi hivi kwamba kila aliyekuja kupima presha alisoma jirani yake amekuja kupima nini. Kila mara Daktari alimwambia, "Andika, binti yangu, nitasoma." Fomu mpya alizotengeneza manesi walizigeuza wakaandikia upande wa nyuma orodha za pamba na glavu. Dereva wa gari la wagonjwa akikutana naye kwenye korido alikuwa anaweka kidole mdomoni: "Shhh! Bi Faragha anapita!" Watu wakacheka, jina likabaki.

Mwezi wa tano wa kazi yake, siku ya Jumanne asubuhi, mwanamke mmoja kijana aliingia mapokezini akiwa ameshika kipande cha karatasi, akasema hataki daktari, anataka mtu anayehusika na majina ya wagonjwa. Wa mapokezini hakujua amtume wapi. Akatazama ukutani, akaiona fremu, na kwa mara ya kwanza tangu itundikwe akaisoma.

Bi Faragha alimpokea kwenye chumba cha kupimia uzito, maana hapakuwa na kwingine. Baadaye alikuja kuona aibu kwa jambo moja alilolihisi wakati anafunga mlango ule: furaha ndogo. Hatimaye mtu amekuja kwa kazi yangu.

Mgeni alikuwa mwalimu wa chekechea. Alikuwa na kifafa tangu utotoni, kimetulizwa na dawa, hakijamwangusha kwa miaka sita, na huhudhuria kliniki ya mishipa ya fahamu ya hapo kila Jumatano ya mwisho wa mwezi. Kazini hakuna aliyejua.

"Wiki iliyopita niliacha simu yangu ofisini ikichaji," akasema. "Ikaita, ikaita tena. Mwalimu mkuu akapokea, akidhani ni dharura ya nyumbani. Mtu huyo hakuuliza hata anaongea na nani. Akasema, tunazo dawa zako za kifafa, kwetu ni nafuu. Akataja jina langu na la baba yangu. Akataja na kipimo ninachotumia."

"Halafu?"

"Halafu nimetolewa darasani. Wanasema wazazi wakisikia watawahamisha watoto. Nimepewa kazi ya kuhesabu chaki stoo." Akaiweka ile karatasi juu ya mizani ya watoto. "Namba aliyopigia ni hii. Nilitaka kujua tu. Ni nani kati yenu?"

Bi Faragha akamwahidi atatafuta. Mwalimu akamtazama kama anayesikia ahadi kwa heshima tu, akaenda zake.

Haikuwa kazi ngumu kutafuta, na hilo ndilo lililomuumiza. Kompyuta ilikuwa inaweka kumbukumbu ya kila kilichochapishwa. Wiki tatu nyuma, saa nane mchana, ilichapishwa orodha nzima ya kliniki ya Jumatano: watu arobaini na watatu, simu zao, dawa zao. Aliyechapisha aliandikwa "masijala". Lakini masijala alikuwa kila mtu. Masijala alikuwa hata yeye mwenyewe.

Alimgeukia Mama Faili, aliyekuwa juu ya kiti anarudisha faili.

"Mama, hii orodha ya Jumatano unajua ni nani aliichapisha?"

"Mimi," Mama Faili akasema, bila hata kugeuka. "Alikuja yule kijana wa kampuni ya dawa, mwenye mkoba mwekundu. Anasema wanataka kuwapunguzia bei wagonjwa wa dawa za kila siku. Nikaona ni jambo jema, wengine humu wanakatiza dozi kwa kukosa nauli tu. Mbona?"

Bi Faragha akamsimulia habari ya mwalimu. Mama Faili alishuka kwenye kiti taratibu, akakikalia.

"Kijana yule sikumtoa barabarani," akasema. "Alimleta Daktari mwenyewe hapa mlangoni. Akaniambia, huyu mpe atakachohitaji."

"Alikupa chochote?"

Mama Faili akagusa miwani yake. "Ile ya zamani ilikuwa imevunjika mkono, naifunga na uzi. Akasema kampuni yao inatengeneza. Sikumwomba, mwanangu. Haki ya Mungu, sikumwomba."

Sheria ilikuwa wazi, na Bi Faragha aliijua kwa moyo: taarifa zikivuja, tume ya kulinda taarifa ijulishwe ndani ya saa sabini na mbili. Akapanda kwa Daktari. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameegemeza kidevu kwenye vidole, na hakupandisha sauti hata mara moja.

"Umefanya vizuri kuja kwangu kwanza," akasema. "Tume tutaijulisha, sisi si wahuni. Ila ripoti ikienda peke yake, watauliza: je, wafanyakazi walifundishwa? Sasa utajibu nini?"

"Kwamba niliomba kuwafundisha, sikupewa nafasi."

"Ulitaka kuwafundisha. Nia ulikuwa nayo." Akavuta droo, akatoa karatasi ya mahudhurio, tupu, yenye nembo ya hospitali. "Basi nia hiyo tunaipa tarehe. Mwezi wako wa pili hapa, tuseme. Kila mtu anatia sahihi, na wewe mkufunzi unatia chini. Hatudanganyi, binti yangu. Tunapanga karatasi."

Kisha akasema mkataba wake wa majaribio unaisha mwezi ujao, na kwamba yeye anapenda kumpa wa kudumu. Akamwuliza pia hali ya mjomba. Mjomba ni mtu mzuri sana, akasema, viyoyozi vyote humu ni vyake.

Mama Faili aliitwa juu jioni ile ile. Aliporudi alianza kukusanya vitu vyake vya kwenda nyumbani.

"Nimetia sahihi," akasema. "Amesema nitamaliza mwaka wangu uliobaki, nistaafu kwa heshima na kiinua mgongo changu. Na wewe tia, tuendelee na kazi."

"Mama, umesoma ulichokitia sahihi?"

"Nimesoma. Kwamba nilifundishwa mwezi wa pili."

"Ukisema ulifundishwa, umesema ulijua kuwa ni kosa kutoa orodha, ukaitoa makusudi. Daktari anatoka, unabaki wewe peke yako."

Mama Faili akasimama na mkoba begani. Ni wazi hakuwa ameliona jambo hilo kwa upande huo. Aliangalia rafu zake, akaangalia mlango.

"Basi fanya unavyojua," akasema. "Ila jina langu usiliandike. Nilikwambia kwa sababu uliniuliza kama mwanangu, si kama polisi."

Siku mbili zilizofuata nyumbani hapakukalika. Mjomba alikuja, akakaa kwenye kochi bila kuvua viatu.

"Sahihi moja," akasema. "Mimi nimetia sahihi kwamba jenereta imefanyiwa matengenezo huku niko kitandani na malaria. Jenereta ililalamika?"

"Mjomba, hii si jenereta. Kuna mtu amepoteza darasa lake."

"Na ukiandika, atalirudisha?"

Akamtazama mama yake, akitaka aseme lolote. Mama alikuwa anapitisha uzi kwenye tundu la sindano, ukalikosa, akaulamba, ukalikosa tena. "Mimi sikukaa darasani mwenu," akasema mwishowe. "Walichokufundisha wewe ndiye unakijua. Mimi nitapika chochote kitakachokuwepo."

Ijumaa asubuhi, kabla saa sabini na mbili hazijaisha, Bi Faragha aliandika ripoti. Aliandika kuhusu daftari lililo wazi, barua zake tatu na kijana wa mkoba mwekundu aliyeletwa mlangoni na mwenye hospitali. Aliandika kuwa mafunzo hayakuwahi kutolewa kwa mtu yeyote. Aliandika kuwa hata yeye alitumia neno la siri la chini ya kibodi kwa miezi mitano na hakuwahi kukitupa kikaratasi. Alipofika kwa aliyechapisha, akasita sana, kisha akaandika "mtumishi mmoja wa masijala", kana kwamba masijala ilikuwa na watumishi kumi. Akaituma.

Safari hii wakaguzi hawakunywa soda. Hospitali ilitozwa faini, ikaamriwa kubadilisha kompyuta na kuwaandikia barua wagonjwa wote arobaini na watatu. Daktari hakuvuliwa hata koti. Alimwambia Bi Faragha, kwa sauti ile ile ya sindano, kwamba mkataba wake hautaendelezwa. Mama Faili aliachishwa wiki hiyo hiyo kwa kosa la kutoa siri za wagonjwa, bila kiinua mgongo. Karatasi aliyoitia sahihi ndiyo iliyotumika kumtoa.

Mjomba naye akanyang'anywa viyoyozi. Alikuja mara moja tu, akazungumza na dada yake huku binti amekaa palepale. "Mwambie mwanao," akasema, "safari nyingine nikishuka ngazi nitashuka kwa ajili yangu." Mama akamwambia chai ipo. Mjomba akasema ana haraka.

Mwalimu alipiga simu mwenyewe. "Barua yenu nimeipata," akasema. "Inasema mnasikitika. Nani mwingine ameisoma kabla yangu?"

"Hakuna. Niliifunga mimi, kabla sijaondoka."

"Darasa sijarudishiwa. Wamenipa maktaba, nafuu kuliko stoo." Akauliza, "Wewe wamekufukuza?"

"Hawakuniongezea mkataba."

"Sawa," akasema mwalimu, na haikujulikana ni sawa ya nini. Wakaagana.

Miezi minne mingine ya vifungo ilipita. Kisha kampuni moja ya bima ikamwita kwenye usaili. Mwanamke aliyekaa katikati alimuuliza kama amewahi kushughulikia tukio la taarifa kuvuja. Alikuwa amejiandaa kulikwepa swali hilo, lakini alijikuta analieleza lote, kikaratasi, miwani, orodha. Wasaili hawakumkatiza. Mmoja aliandika kitu, na kwa kuwa alikuwa anaandika kwa herufi kubwa, Bi Faragha aliweza kukisoma kichwa chini: UZOEFU: TUKIO MOJA. Wiki iliyofuata akaajiriwa kuwa afisa msaidizi, ngazi ya chini kabisa, na akapewa neno la siri lake mwenyewe.

Bibi alipiga vigelegele. Mama alinunua kitambaa cha kumshonea sketi ya kazini. Yeye alishukuru, akala, akaenda kulala mapema, na usingizi haukuja. Kila alipofumba macho alimwona mwanamke wa makamo akifumba yake, akitafuta jina la mtu kwenye rafu.

Jumamosi alikwenda kwa Mama Faili. Aliyefungua alikuwa binti wa pale, akamwambia mama amepumzika. Jumamosi ya pili mama alikuwa amepumzika tena. Ya tatu Mama Faili mwenyewe akatoka barazani, akasimama.

"Umekuja kuniomba radhi?"

"Ndiyo. Na kuna jambo jingine."

"Radhi iache. Hilo jingine ni nini?"

"Karatasi ile waliyokutolea kazini ni ya uongo, na tume wanajua ni ya uongo, imo kwenye ripoti yangu. Ukiandika kudai kiinua mgongo chako, itabidi wakujibu. Mimi nitakuandikia."

Mama Faili akaingia ndani, akatoka na meza ndogo, akaiweka barazani. Hakumkaribisha zaidi ya hapo.

Waliandika barua ya kwanza siku hiyo, na nyingine, na nyingine, kila Jumamosi. Mama Faili alikuwa msomaji mkali. "Hapa umeandika nilifukuzwa. Wezi ndio wanaofukuzwa. Andika niliachishwa." Bi Faragha akafuta. "Na hapa umeandika nilidanganywa. Mimi si mtoto. Andika niliagizwa." Akafuta tena. Mambo mengine hawakuyagusa. Siku moja binti wa pale aliweka chai kikombe kimoja tu, mbele ya mama yake, na Mama Faili akakinywa chote.

Jibu lilikuja mwezi wa tatu wa barua hizo. Hospitali ilikubali kulipa nusu, bila kukiri kosa. Bi Faragha alilisoma kwa sauti, akaliweka mezani. Mama Faili akalichukua, akalisoma tena mwenyewe, mstari kwa mstari, mpaka kwenye mhuri.

"Nusu," akasema.

"Nusu, mama."

"Miaka ile nilifanya kazi nusu?" Akaikunja barua vizuri, akaisukuma upande wa pili wa meza. "Andika. Tunataka iliyobaki."

Bi Faragha akavuta kiti karibu, akafungua kalamu.